Jibu: Mji Mkongwe wanapikia wapi, na wanakula nini siku za kawaida?

Ndugu yangu, umeuliza watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanapikia wapi kwenye nyumba zilizobanana vile, na kama kila jioni wanakula Forodhani, kwenye ile bustani ya pwani inayouzwa vyakula usiku. Forodhani ni ya wageni zaidi, mwenyeji haendi huko kila siku.

Nyumba nyingi kubwa ziligawanywa kwa familia kadhaa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo utakuta jiko la mkaa uani, ukumbini, hata chini ya ngazi. Hapo moshi ndio ugomvi mkubwa wa majirani!

Asubuhi wengi hawapiki, wanamtuma mtoto akanunue boflo (mkate) au maandazi, na mbaazi za nazi. Mchana wali na mchuzi wa samaki, mfuko ukiwa mwepesi ni dagaa au muhogo. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa mara mbili: tui jepesi linaanza kuivisha, zito linaingia mwishoni, na hapo unakoroga bila kuacha mkono, la sivyo linakatika. Urojo, ule mchuzi mzito wenye bajia na viazi, ni wa jioni. Ukali wake utoke kwenye embe bichi, wa ndimu tupu mimi siuhesabu.