Majaribio Yamepita, Lakini Kwenye Jukwaa Gani?

Flutter, kiunzi cha kujengea programu za simu na kompyuta, ilipofikia toleo la 1.0 mnamo Desemba 2018 ilihudumia rasmi Android na iOS tu, lakini leo msimbo uleule ulioandikwa kwa lugha ya Dart unatarajiwa kufanya kazi pia kwenye Windows, macOS, Linux na ndani ya kivinjari. Kwa hiyo wewe unayeanza kushiriki katika kukitunza kiunzi cha namna hii, kila unapoambiwa kwamba majaribio yamepita, uliza kwanza yamepita kwenye jukwaa gani.

Jaribio la wijeti, yaani la kipande cha skrini kama kitufe au orodha, hata ukiliendesha kwenye Mac, huchukulia kwamba liko kwenye Android mpaka uliagize vinginevyo. Chukua mfano wa orodha inayosogezwa kwa kidole: kwenye iOS huvuka mwisho wake kidogo kisha ikarudi, ilhali kwenye Android haivuki. Ukibadilisha hesabu ya mwendo huo na kuandika jaribio moja la kawaida, upande wa iOS utakuwa hujaugusa kabisa, ingawa alama ya kijani itawaka. Tumia TargetPlatformVariant, ambayo hurudia jaribio lilelile kwa kila jukwaa utakalolitaja. Hata hivyo, hiyo nayo hubadilisha tu jina la jukwaa ambalo msimbo unalisoma. Kibodi halisi ya simu, kwa mfano, bado inahitaji kujaribiwa kwenye kifaa chenyewe.

Majaribio ya picha hulinganisha picha ya kinachochorwa na ile iliyohifadhiwa, pikseli kwa pikseli, na kwa kuwa kila mfumo huchora herufi kwa namna yake, fonti ya majaribio huonyesha miraba mahali pa herufi nyingi. Usihangaike kuitafuta hitilafu hapo. Kinachonikera mimi ni mtu kusasisha picha zote kwa amri moja bila kuzitazama zile mpya.

Jaribio likikwama kwenye pumpAndSettle, amri inayosubiri mpaka mwendo wote kwenye skrini utulie, mara nyingi kuna kiduara cha kusubiri kinachozunguka bila kikomo. Kurefusha muda hakusaidii. Sogeza saa ya jaribio kwa amri ya pump yenye muda maalumu.

Mwisho, kabla ya kuwasilisha kazi yako, ondoa rekebisho lako kwa muda na uendeshe jaribio jipya. Likipita bila rekebisho hilo, liandike upya.