Mkono Huu Hautaki Kukaa Bure

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili. Unauliza: "Baba, mkono unatetemeka, miguu inakugomea, mbona hutaki kuja Mombasa ukae upumzike? Na kila nikipiga simu wacheka nini?"

Nakujibu kwa kalamu kusudi. Utaona herufi zinaanza kubwa, zikifika chini zimekuwa sisimizi. Sibani karatasi, ndio maradhi yenyewe ya Parkinson. Nimechukua daftari la mistari ili mistari inikumbushe ukubwa.

Mkono wa kulia hutetemeka ukiwa umelala pajani, hauna kazi. Nikishika sindano unatulia. Daktari alinieleza kwamba kwa wengi Parkinson ndivyo ulivyo, mtetemeko huja kiungo kikipumzika. Sasa wewe waniambia nipumzike! Kwenye kushona kofia kinachonitesa ni vidole kuwa vizito na vikakamavu. Tundu la kofia ya vito nililokuwa nikilimaliza kabla kahawa haijapoa, siku hizi linakula asubuhi nzima. Kofia ya mumeo niliianza Mfunguo Sita, na bado niko nusu. Upande mmoja matundu yamepinda kidogo. Akiuliza, mwambie ni mtindo mpya.

Miguu nayo ina vituko vyake. Wiki iliyopita, kwenye kichochoro cha nyuma ya kwetu hapa Langoni, iliganda kama imepigiliwa misumari. Huganda zaidi penye wembamba na milangoni, na Lamu waijua, ni vichochoro na milango. Nyuma yangu yuaja punda na mifuko ya mchanga, kijana wake anapiga kelele, "Pisha! Pisha!" Punda alisimama, kijana ulimi wake haukusimama. Sikuhangaika kuuvuta mguu, maana ukiuvuta unakazana na kuanguka ni rahisi. Nilijifanya kuna kamba ya jahazi mbele yangu, nikaikiuka, huku mdomoni navuma mdundo wa kirumbizi, ile ngoma ya fimbo. Mguu ukatoka! Kijana akaangua kicheko, "Mzee wacheza ngoma?" Nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Basi hayo ndiyo ninayoyacheka.

Maji ya bahari yakitoka naenda Shela kwa miguu, kilomita 3 hivi kwa ufukweni. Narusha mikono makusudi na kunyoosha hatua, kwa sababu mwili ukiachiwa wenyewe hukata hatua fupi na mikono hubaki imeshikana na mbavu. Mazoezi hayaponyi, lakini siku nisizotembea hata kugeuka kitandani usiku ni kazi.

Mtaani wapo waliosema nimechezewa. Niliwaambia daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliyaandika maradhi haya mwaka 1817, ngome yetu hii ya Lamu bado inajengwa. Huyo mchawi basi ana umri! Ni chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, ndizo zinazokufa kidogo kidogo, na huanza zamani kabla mtu hajatetemeka. Wamkumbuka mama yako akifukiza udi, mie naulizia umewashwa lini? Pua ilikuwa imeshatangulia, hainusi.

Dawa, levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, naimeza kwa saa yake, nusu saa au zaidi kabla ya kula, kwani samaki na maharage huizuia isiingie vizuri. Jirani aliniletea unga wa mbegu za upupu. Ni kweli upupu una levodopa ndani yake, ila nani atanipimia? Nilimshukuru, nikauweka kabatini.

Sitakudanganya kwamba kila siku ni kicheko. Vifungo vya kanzu vimeshanitoa machozi. Ramadhani daktari alinikataza kufunga, kwa vile dawa haingoji magharibi, nikatoa fidia. Kukaa barazani mchana nikisikia harufu ya mahamri kwa mbali sana, na watu wote wamefunga, kuliniuma kuliko miguu. Na uso wangu umekuwa mgumu, kwa hiyo ukiniona kwenye simu usidhani nimenuna. Sauti pia inashuka. Baada ya alfajiri nasoma Yasini kwa sauti ya juu mpaka paka wa mtaa wanahama.

Mombasa nitakuja, kwa wiki mbili, si kuhamia. Kwako kuna kiti kizuri na televisheni, na hakuna anayenijua njiani wa kuniambia "Mzee, leo umechelewa." Hapa nikikosekana uwanjani Mkunguni siku moja, jioni mtu ashabisha hodi.

Ukija niletee uzi mweupe wa kofia, vibunda vinne, na sindano zenye tundu pana. Ile fimbo usininunulie bado. Mama yako akusalimu, asema watoto wasisahau madrasa.

Maji yashaanza kutoka. Naenda Shela.

Babako