Jibu: Niliyemfundisha kazi ananizidi mshahara

Habari dada. Kama nimekuelewa, uko ghalani Kisumu mwaka wa tatu, na kijana uliyemwonyesha kazi anakuzidi shilingi 6,000.

Kwanza tazameni hati zenu za malipo. Linganisheni mshahara wa msingi, si kinachoingia benki. Mimi hapa Nakuru nilinuna miezi miwili, kumbe mwenzangu alilipwa marupurupu ya zamu ya usiku na mimi nilikuwa nakatwa mkopo wa sako. Aibu niliyoipata! Wakikunyima hati hiyo, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinawalazimisha kuitoa.

Msingi ukitofautiana kweli, kifungu cha 5 kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Andika barua fupi. Kijana usimtaje, asije akachomeka bure. Uliza tu cheo chako kinalipwa kiwango gani, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Wakinyamaza, nenda ofisi ya leba ya kaunti na nakala hiyo.

Mkataba wako sijauona. Ikiwa mwenzako ana cheti cha kuendesha foklifti nawe huna, hapo watakuwa na la kujitetea.