Gari la Nguvu Likichemsha Kitonga, Anza na Hewa Kabla ya Rejeta

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makambako aliniandikia. Ana Toyota Mark II baluni yenye injini ya 1JZ-GTE, ile ya turbo mbili, na kila akipanda mlima wa Kitonga, kule Iringa, nyuma ya malori, mshale wa joto unaondoka katikati na kupanda. Fundi wake amemwambia dawa ni rejeta (kipoza maji ya injini) kubwa ya alumini. Ameomba nimtajie aina nzuri ya kununua.

Mdogo wangu, usinunue kwanza. Hela ya rejeta kama hiyo mimi niliitoa, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Gari langu ni ndugu wa hilo lako. Lita 2.5, silinda sita za mstari, nguvu za farasi 280 tangu kiwandani. Aliyekuwa nalo Japani alikuwa amefunga na intakula kubwa, ile inayopoza hewa ya turbo, mbele ya rejeta. Tangu nasoma sekondari nilikuwa nikisimama Mafiati, hapa Mbeya, kuyasikiliza magari ya namna hii yakipita, kwa hiyo siku nilipolileta Mbeya sikutaka kusikia neno baya juu yake.

Lilikuwa na tabia moja. Tambarare yote, Igawa, Chimala, Igurusi, mshale umetulia. Ukianza kupanda kutoka Ruaha Mbuyuni kwenye lile joto, foleni ya malori inatambaa mbele yako, gia ya pili, turbo zinafanya kazi, hapo ndipo tabu inaanza. Nililipeleka gereji moja inayosifiwa sana mjini. Hawakuniuliza hata linachemsha wapi. Waliniuzia rejeta mpya, wakang'oa themostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, wakisema nchi za baridi ndiko inakotakiwa, wakanirudishia gari. Kitonga likachemsha vilevile. Niliporudi kulalamika, mmoja wao akawatangazia watu kwamba nimenunua mkweche. Maneno hayo nilikuja kuyasikia tena sehemu ninayooshea gari. Yaliniuma kuliko hela.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kazi. Jiulize gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye mwendo wa polepole na mlimani, lakini barabara ya wazi linapoa, shida kubwa huwa ni hewa: haipiti ya kutosha kwenye rejeta. Likiwa zima mjini na likachemsha ukikimbia tambarare, shuku maji: rejeta imeziba kwa ndani, wota pampu inayosukuma maji imechoka, au mpira wa chini unanyonywa na kubanana. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na fundi asiyekuuliza swali hilo anabahatisha kwa hela yako.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya ambaye ameshinda maisha yake kwenye malori ya Zambia. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Hakushika spana. Aliniambia niwashe gari mpaka lipate moto, akachukua kurasa za gazeti la zamani akaanza kuzibandika mbele ya rejeta, upande huu na upande ule. Katikati, mbele ya feni, karatasi ilinata. Pembeni zote ilidondoka chini. "Mwanangu," akasema, "feni yako inavuta hewa ya kutosha sahani moja tu. Kava lake liko wapi?"

Halikuwepo. Lile plastiki kubwa linaloizunguka feni na kuifunga na rejeta lilikuwa limeng'olewa na mafundi waliotangulia ili wafikie mikanda kwa urahisi, na hakuna aliyelirudisha. Bila kava, feni inazungusha hewa ya moto ya palepale kwenye injini. Rejeta hata iwe ya alumini na nene namna gani, pembe zake hazipati kitu.

Tulipata kava kutoka kwenye gari lililobomolewa Tunduma. Kisha mzee akakata vipande vya bati na sponji ya godoro, akaziba kila upenyo kati ya intakula, kondensa ya AC na rejeta, juu, chini na ubavuni. Hewa inayoingia kwenye grili ikikuta nafasi pembeni itapita hukohuko, haitahangaika kupenya kwenye matundu ya rejeta. Klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini, nayo ilikuwa imekufa. Kuipima ni rahisi: injini ikiwa ya moto, IZIME, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, ni nzima. Ikizunguka kama pangaboi, mafuta yake ya silikoni yameisha.

Mwezi uliopita nimetoka Dar na familia, tukaikuta Kitonga mchana, tukapanda mlima wote nyuma ya lori la mafuta, AC imewashwa. Mshale haukujigusa. Ilula nilisimama kununua vitunguu, si kupoza gari. Waliosema ni mkweche wanajua ninapokaa, waje wapande nami.

Watu wa nyanda za juu tuna jambo jingine la kuelewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo ikifika huku inapungua nguvu, kwa hiyo na joto lake linapungua. Ya turbo inajisukumia hewa, nguvu inabaki na joto linabaki, lakini rejeta inapozwa na hewa hiyohiyo nyepesi. Ndiyo maana gari ambalo halikuwa na neno Dar linakuja kuumbuka kwetu.

Maji nayo huku yanachemka mapema, kwenye nyuzi kama 94. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta, unaoyabana maji kwa mgandamizo yasichemke mapema. Wenye alama ya 0.9 ukiwa mzima unasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Mpira wake ukichoka, nyuzi zote hizo zimepotea kwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Badilisha mfuniko kabla ya kufikiria rejeta.

Themostati irudishe. Kwenye injini nyingi za Toyota ndiyo inayofunga njia ya mkato, na ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi za Juni huku kwetu injini itachelewa kupata joto na itakunywa mafuta bure. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, usiweke maji ya bomba wala ya mto, yanaacha ukoko na kutu. Na ukishajaza, washa hita ya ndani na uinue pua ya gari ili hewa iliyonasa itoke.

Nasema tena, hewa kwanza. Gazeti, kava, klachi, mianya, mfuniko. Ukimaliza hayo yote na mshale bado unapanda, subiri injini ipoe kabisa, fungua rejeta, washa, uangalie maji. Mapovu yakitoka mfululizo, au, mfuniko ukiwa umefungwa, mpira wa juu ukakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua. Hapo usiliendeshe tena. Livute mpaka kwa fundi mwenye mashine ya kupima hedi kama imepinda.