Purdue au Indiana University: fani ndiyo iamue

Ndugu, umeuliza mwanao aende Purdue au Indiana University, vyote vyuo vya umma jimboni Indiana, Marekani. Akitaka uhandisi, Purdue bila shaka. Ila ajue kwamba wanaoanza uhandisi husoma pamoja mwaka wa kwanza, ndipo huomba tawi la uhandisi. Alama zikishuka, tawi lenye ushindani linamponyoka. Akitaka biashara au muziki, Indiana University, kampasi ya Bloomington, ina Kelley, shule ya biashara, na Jacobs, shule ya muziki. Hapo soma barua ya kukubaliwa kwa makini, maana kukubaliwa na chuo si kukubaliwa Kelley. Kisha jumlisha ada, malazi na chakula, utoe ruzuku peke yake. Wengi hutoa na mkopo pia, wakaona chuo ni nafuu, kumbe deni liko palepale.