Nataka suria aliyejitoa mwenyewe, na jini ambaye bado hajaachwa huru

Swali la wiki hii mmetuuliza, ni shujaa gani wa kike unayemtaka kwenye riwaya ya mapenzi yenye majini na miujiza, na kwa nini. Jibu langu ninalo siku nyingi. Namtaka mwanamke aliyekuwa mtumwa, wa hukuhuku kwetu, Unguja au Pemba miaka ya 1900 mwanzoni, na nataka uhuru autafute yeye mwenyewe, asiletewe na mwanaume anayempenda.

Maana hizi stori tunazijua zinavokwenda. Msichana yuko utumwani, anatokea mtoto wa mfalme, anampenda, anamkomboa, wanaoana, kitabu kimeisha na sisi wasomaji tunafuta machozi tukiamini dada wa watu kapata uhuru. Kapata ndoa. Uhuru wake hakuna ukurasa hata mmoja uliotuonyesha.

Na kwetu jambo hili liliwahi kuwa sheria kabisa. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri kwamba korti hazitautambua tena utumwa Unguja na Pemba, anayetaka uhuru aende akadai. Ila masuria, yaani watumwa wa kike waliokuwa wakilala na mabwana zao, wakawekwa pembeni. Hoja ikawa suria ni kama mke, kasitiriwa ndani, uhuru anautaka wa nini, labda kama anaweza kuthibitisha kwamba anafanyiwa ukatili. Ikakaa hivo mpaka 1909. Yaani miaka kumi na mbili yote mpishi anaweza kwenda kudai, mchuma karafuu anaweza, lakini yule anayelala kitanda kimoja na bwana hawezi, eti huyo tayari ana mapenzi na matunzo. Ndo maana nikifika mwisho wa riwaya mjakazi anaolewa na mfalme wake roho inaniuma, naona ni hoja ileile ya 1897 imevalishwa nguo ya harusi.

Kwa hiyo shujaa wangu awe suria, na apite kwenye huo mlango mwembamba wa ukatili. Asiwe amezaa, kwa sababu suria aliyemzalia bwana alikuwa hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru, hiyo njia mi sitaki apewe. Hapo korti ndo nataka mwandishi akae sana asiwe na haraka. Mwanamke kavaa hariri, bangili za fedha mkono mzima, hakimu akimtazama anaona mtu aliyeshiba, afu anaulizwa ukatili gani uliofanyiwa wewe. Aanze na lipi mbele ya wanaume wote wale? Na akishinda azivue zile bangili moja moja aziweke mezani, maana si zake, wala hariri si yake, atoke pale na kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa, aliyoazimwa na mpishi wao wa zamani.

Afu kitabu kianze sasa. Amri yenyewe ilitaka aliyepata uhuru aonyeshe ana pa kukaa na anajikimu kwa kitu gani, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Huyu mtu hajawahi kulipa kodi ya chumba, hajawahi kuambiwa chagua. Apate kibanda Ng'ambo, ule upande wa mji nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, msimu ukifika avuke Pemba kuchuma karafuu kwa ujira wa pishi, yaani analipwa kwa kila kipimo anachochuma, usiku anachambua vikonyo mpaka vidole vinanuka karafuu hata akila. Halafu siku anunue doti yake ya kwanza ya kanga na ajifunike kichwa, jambo ambalo watumwa walikuwa wanakatazwa, na atembee njia ndefu ya kwenda kwake makusudi tu ili watu wamuone. Haya mambo wanawake wetu waliyaishi kweli, nawaonea uchungu kwamba hatuyasomi. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba, Unguja, 1880 kwa wazazi waliokuwa watumwa, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu vya mama yake, na 1928 huyohuyo akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Sasa mwandishi anakosaje pa kuanzia.

Mtaniuliza miujiza iko wapi. Iko hapa, kule shambani anachimbua chupa ya shaba, ndani yake mna jini aliyefungwa tangu enzi za Nabii Suleiman, na kwa sheria ya kufungwa kwake lazima amtii yeyote anayeishika. Ni mzuri huyo jini, mwenye maneno laini, anamletea maji, anambebea magunia, akimwambia kaa anakaa. Na siku moja anamwambia nakupenda.

Hapo sasa! Mwanamke aliyesimama korti kuthibitisha kwamba kupendwa na bwana hakumfanyi mtu kuwa huru, leo yeye ndo bwana. Atajuaje kama yale maneno yanatoka moyoni au yanatoka kwenye ile chupa? Yeye mwenyewe alikuwa akimwambia bwana wake maneno matamu kila usiku, na anajua yalikuwa yanatoka wapi. Sura hii nataka iwe ndefu, aipitishe chupa mkono huu na huu, aione kazi yote iliyobaki shambani, aone jinsi maisha yatakavokuwa magumu bila huyo jini, na apate tamaa ya kweli ya kumbakisha. Sitaki awe malaika. Nataka akae nayo chupa msimu mzima na ajue anachokifanya.

Halafu aivunje. Na jini asimkumbatie palepale, tafadhali sana waandishi, aondoke. Mtu aliyefungwa miaka elfu mbili na kitu akiachiwa lazima aende kwanza, akaone bahari. Akirudi, arudi kwa miguu yake, apige hodi Ng'ambo kama mtu mwingine yeyote, na yule bibi awe na haki ya kumwambia leo nimechoka, njoo kesho. Mi nitakaa hapo nasubiri hiyo kesho hata kama mwandishi ataniwekea kurasa mia mbili katikati.