Ukwaju jikoni, ukwaju tumboni: maswali yenu yamejibiwa

Mwezi huu barua za ukwaju zimezidi za vitu vingine vyote na mi nimefurahi sana, maana ni tunda ninalolipenda tangu utotoni na naona watu wengi wanalitumia bila kujua linafanyaje kazi. Nimechukua yale maswali yaliyorudi mara nyingi. Kabla hatujaanza naomba jambo moja likae kichwani: karibu kila kinachofanywa na ukwaju, kizuri na kibaya, chanzo chake ni asidi yake, inaitwa asidi ya tartariki. Matunda mengi yakishaiva uchachu unapungua, lakini ukwaju hapana, sukari inaongezeka na asidi inabaki palepale, ndio maana ukwaju mbivu unakuwa mtamu na mchachu kwa wakati mmoja mpaka mate yanajaa mdomoni hata kabla hujauonja.

Dada habari, nina shida ya kufunga choo, siku tatu nne zinapita hivihivi. Mama mkwe kaniambia niloweke ukwaju usiku ninywe asubuhi. Ni kweli unasaidia au ni maneno tu ya wazee? Na ninywe kiasi gani?

Mama mkwe wako yuko sahihi mpenzi, msikilize. Ile asidi pamoja na chumvi zake haziingii zote kwenye damu, nyingine zinabaki kwenye utumbo na zinavuta maji, maji yakiwa mengi kinyesi kinalainika na kusogea, basi. Sio uchawi wala sio maneno ya wazee peke yao, hata vitabu rasmi vya dawa vya Uingereza zamani viliandika nyama ya ukwaju kama dawa ya kulainisha choo, tena waliichanganya na majani ya mmea unaoitwa senna.

Sasa namna ya kufanya. Chukua kipande cha ukwaju kama ukubwa wa kidole gumba, mimina maji ya moto kiasi cha glasi moja, funika uache mpaka asubuhi, halafu osha mikono vizuri uminye kwa vidole mpaka nyama yote iachane na kokwa na zile nyuzi, chuja, kunywa nusu glasi kwanza. Nusu, sio yote! Tumbo la kila mtu lina tabia yake, kuna anayekunywa glasi nzima haoni kitu na kuna ambaye robo tu inamkimbiza chooni mara nne, kwahiyo anza kidogo uone mwili unasemaje. Usiweke sukari nyingi. Na siku hiyo kunywa maji ya kutosha, maana ukwaju unavuta maji na kama maji hayapo mwilini utavuta nini.

Ila dada yangu usikae miezi unakunywa tu kila asubuhi. Kama choo kinagoma kila wiki inabidi kuangalia unachokula, mboga za majani, matunda, maharage, na maji. Na ukiona damu kwenye choo, au unapungua mwili bila sababu, au tumbo limejaa linauma na unatapika na hata hewa haitoki, hapo weka ukwaju pembeni uende hospitali siku hiyohiyo.

Nimepika dengu na ukwaju, nimechemsha masaa mawili na nusu, gesi imeisha dengu bado ngumu kama kokoto. Nimekosea wapi?

Pole sana! Umetia ukwaju mapema. Asidi inafanya ganda na nyama ya dengu zisilegee, unaweza kuchemsha mpaka kesho. Maharage hivyohivyo, mbaazi hivyohivyo, hata viazi vikikutana na ukwaju vikiwa vibichi vinabaki na moyo mgumu katikati. Chemsha kwanza mpaka viive kabisa, ukibonyeza kwa vidole viwili inapondeka, ndio umimine ukwaju, uache uchemke dakika tano mpaka kumi uingiane na viungo. Hiyo tu.

Na kwa kuwa nimeulizwa sana kuhusu mchuzi wa ukwaju ngoja nieleze vizuri. Kwanza usitumie maji baridi, yanachukua muda na nyama nyingi inabaki kwenye kokwa, tumia maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, loweka dakika ishirini, halafu minya. Utasikia kwanza kama udongo wa mfinyanzi, mzito unanata vidoleni, ukiendelea unakuwa laini kama uji, na kokwa zinateleza zinatoka zenyewe zikiwa safi zinang'aa, hapo ndio ujue umeshatoa kila kitu. Usitie kwenye blenda na kokwa zake, zikivunjika zinaleta ukakasi unaoharibu kazi yote. Chuja kwa chujio la waya, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, na usisahau kukwangua upande wa chini wa chujio maana rojo zito lote linaganda pale.

Ukizidisha uchachu usikimbilie kuongeza maji, utapata mchuzi mwembamba na bado mchachu. Weka sukari kidogo au tui la nazi, uchachu unatulia. Samaki napenda kumpaka rojo la ukwaju na chumvi na pilipili nusu saa kabla ya kumchoma, asizidi hapo maana asidi inaanza kumpika akiwa mbichi, nyama inakuwa kama unga. Nyama ngumu ya ng'ombe inaweza kukaa muda mrefu zaidi na inalainika kweli. Ule mweusi sana sio kwamba umeoza, ukwaju unabadilika rangi kadiri unavyokaa, kahawia nyekundu inageuka nyeusi, nunua tu ule usio na wadudu na usionuka uvundo. Rojo ukishachuja gandisha kwenye friza vipande vidogovidogo, inakaa miezi.

Mwanangu wa miaka minne ana homa, bibi anampa juisi ya ukwaju na anamkanda kwa majani yake. Nimwache aendelee?

Juisi nyepesi ya ukwaju kwa mtoto mwenye homa ina faida moja ya wazi, inampa maji na sukari kidogo na inamchangamsha mdomo wakati hataki kula, na mtoto wa homa anapoteza maji mengi kwa jasho. Kwahiyo usigombane na bibi, ana nia njema na hajakosea. Lakini nisikilize kwa makini mama. Ukwaju hauui vimelea vya malaria wala hautibu nimonia. Homa ni dalili, lazima ijulikane inatoka wapi, na kwa mtoto mdogo malaria inaweza kuwa kali ndani ya siku moja tu. Mpeleke akapimwe damu leo, juisi anywe njiani. Na kama anaharisha usimpe ukwaju kabisa, si tumesema unalainisha choo? Mpe maji ya chumvichumvi ya dukani yale ya kuchanganya kwenye maji safi. Kama analegea, anatapika kila kitu, anashtuka mwili au hanyonyi wala hanywi, usisubiri hata asubuhi ifike.

Majani ya kumkanda hayana shida kama ni ya uvuguvugu na ngozi haina kidonda.

Natumia aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo. Kuna mtu kaniambia ukwaju na dawa havipatani.

Huyo mtu mshukuru. Kuna utafiti ulifanyika kwa watu wazima wenye afya, walipewa aspirini pamoja na chakula chenye ukwaju, na kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu kiliongezeka. Wakajaribu na ibuprofen, dawa nyingine ya maumivu, ikawa hivyohivyo. Maana yake ni kwamba unameza kidonge kilekile lakini mwili unapokea zaidi, na aspirini ikizidi inaumiza tumbo na damu inachelewa kuganda. Kijiko cha rojo kwenye mchuzi sio cha kukutisha, shida ni ile jagi ya juisi nzito kila siku. Tenganisha masaa kadhaa, na mwambie daktari wako kwamba unakunywa ukwaju, mwambie hata kama hajakuuliza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin ndio awe makini zaidi, na anayesubiri operesheni aache kunywa ukwaju mpaka aongee na daktari.

Nimepata pia barua za wenye kisukari wakiniambia "ukwaju ni mchachu kwahiyo hauna sukari". Hapana jamani! Gramu 100 za nyama ya ukwaju zina sukari kama gramu 57, zaidi ya nusu ya uzito wake, ule uchachu unaificha tu. Ukitengeneza juisi ukaongeza na sukari ya mezani juu yake unajua mwenyewe kipimo kitasomaje. Na wenye shida ya figo walioambiwa wapunguze potasiamu, gramu hizohizo 100 zina miligramu 628, ni nyingi, ulizeni kwanza.

Ukwaju una vitamini C nyingi eti?

Kidogo sana, miligramu tatu na nusu tu kwa gramu 100, chungwa lina zaidi ya hamsini. Uchachu sio kipimo cha vitamini C. Ila una magnesiamu ya kutosha, kama miligramu 92, na nyuzinyuzi.

Kokwa mnatupa au zinaliwa? Na majani je?

Zinaliwa. Zikaange kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kupasukapasuka, ganda jeusi la nje livue lote kwasababu ndilo lenye ukakasi na linasumbua tumbo, zile nyeupe za ndani loweka au chemsha mpaka zilainike, vinginevyo utavunja jino. Unga wake unafanya mchuzi kuwa mzito, na viwandani wanautumia kutia ugumu kwenye nyuzi za kufuma vitambaa.

Ile gamu, yani ute mzito wa kwenye kokwa, inatumika pia kutengeneza matone ya macho makavu, na hapo nataka niseme kwa sauti kubwa kabisa maana nimepata barua mbili za watu waliodondoshea macho maji ya kokwa waliyochemsha nyumbani. Msifanye hivyo. Ya hospitali yamesafishwa, hayana kijidudu hata kimoja, ya kwako hata uchemshe vipi yanabeba vijidudu kutoka kwenye kikombe na kitambaa, na jicho likiingia uambukizo linaweza kupofuka.

Majani machanga na maua ni mboga nzuri ya uchachu, chuma yale laini ya ncha, pika kama mboga nyingine au changanya na dengu (zikiwa zimeshaiva!). Majani makubwa watu huchemsha wakakandia viungo vilivyovimba na miguu iliyochoka, joto lenyewe linasaidia. Kidonda kibichi au mtu aliyeungua moto msimpake rojo la ukwaju, linachoma na kuzidisha maumivu, maji safi yanayotiririka ndio ya kwanza.

Nikihifadhi rojo kwenye sufuria ya alumini linapata ladha kama ya chuma. Kwanini?

Kwasababu asidi inakula sufuria. Asidi hiyohiyo ndio inafanya ukwaju usafishe vyombo vya shaba, ukipaka rojo na chumvi kidogo ukasugua ule weusi unatoka shaba inang'aa kama mpya, fikiria basi inavyofanya kwenye alumini usiku kucha. Pikia kwenye stili au chungu, hifadhi kwenye chupa ya kioo. Chungu kiwe cha udongo mtupu, vile vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa ambavyo hujui vimepakwa nini usiwekee ukwaju, baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi na asidi inaitoa ikaingia kwenye chakula, na risasi inaharibu ubongo wa watoto.

Mkwaju ni mti wa India si ndio?

Jina ndio limetuchanganya wote. Waarabu waliita tunda tamr hindi, yani tende ya Kihindi, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea, akaupa jina la kisayansi Tamarindus indica mwaka 1753, lakini asili ya mti wenyewe ni Afrika ya kitropiki, India ulifika zamani sana ukapendwa ukazaana. Ni jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa maharage, angalia tu lile ganda lake.

Binti yangu anamung'unya pipi za ukwaju kutwa nzima, sasa analalamika meno yana ganzi.

Ganzi la meno hilo ni meno yanakuambia asidi imeshaanza kulainisha ngozi yao ya nje. Kinachoumiza sio ukwaju wa kwenye chakula, ni ule kukaa nao mdomoni masaa. Ale kwa mara moja amalize, asukutue kwa maji matupu, na asipige mswaki hapohapo, asubiri kama nusu saa maana jino likiwa limelainika mswaki unalikwangua. Pipi zenyewe angalia zinatoka wapi, kuna nchi zimewahi kupiga marufuku pipi za ukwaju baada ya kukuta zina risasi. Mtengenezee za nyumbani, rojo zito, sukari, chumvi chembe, kausha kwenye sahani ya kioo mpaka uweze kuviringisha vidonge kwa kiganja, unampa viwili baada ya chakula cha mchana na zilizobaki zinapanda kabatini juu asikofika.